Injinia wa Mkanda wa Makaa

Injinia hakuweza kumwona mtu anamimina kitu akapita. Mwanamke akimwaga mahindi kwenye turubai, alisimama. Fundi akishusha mchanga kwenye toroli, alisimama. Alitazama lundo linavyojikusanya, ncha inavyopanda, pembeni zinavyoanza kuteleza, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Likishatulia aliondoka bila hata kuaga. Watu wa ufukweni kwetu walidhani ana majivuno. Mimi niliyefanya naye kazi najua alikuwa anahesabu.

Sitataja jina lake. Pale kwetu hakuna aliyelitumia hata hivyo. Meneja alimwita Injinia, wabebaji walimwita Mama Injinia, na mimi niliwafuata wabebaji mpaka siku aliponiambia, "Ester, sijakuzaa. Injinia inatosha." Alikuwa mtu wa milimani, upande wa Litembo, Mkatoliki, mrefu, mwenye sauti ndogo isiyolingana na mwili ule. Wakati huo alikuwa ameshavuka arobaini. Mengine ya kwao hakunisimulia, na sikuuliza.

Kazi yetu ilikuwa makaa ya mawe. Malori yaliyatoa machimboni huko juu, yakashuka nayo kwa zile kona za milima mpaka kwenye yadi ndogo ya mtu binafsi kando ya Ziwa Nyasa, chini ya Kingerikiti. Kutoka yadini yalipakiwa kwenye tishari, yaani ile meli bapa isiyo na injini yake, ikavutwa kuvuka ziwa. Kabla ya mkanda, makaa yalipakiwa kwa vichwa vya watu. Nilikuwa mmoja wao. Tulibeba kwa karai na ndoo, ngata kichwani, tukapita juu ya mbao hadi kwenye tishari na kurudi. Jioni tulipooga ziwani maji yalikuwa meusi kutuzunguka, na tulicheka kwamba samaki wa kwetu hawahitaji moshi.

Kisha mwenye yadi akanunua mkanda uliotumika mahali pengine, akamleta Injinia aufunge na aseme unaweza kubeba kiasi gani.

Mkanda wenyewe ulikuwa mpira mpana uliopita juu ya rola za chuma. Rola za pembeni ziliinuliwa, kwa hiyo mpira ulijikunja kidogo kama kiganja kinachokinga maji. Mwanzoni palikuwa na bakuli kubwa la bati ambamo makaa yalimwagwa, na chini ya bakuli kulikuwa na mdomo wenye mlango. Ukizungusha gurudumu, mlango ulipanda, na makaa yakatoka mengi zaidi. Mkanda ulikwenda sawa hadi karibu na gati, halafu ukapanda mlima mfupi na kumwaga ndani ya tishari. Mtu wa kukaa kwenye swichi na gurudumu alihitajika, na Injinia alinichagua mimi kwa sababu nilimaliza kidato cha nne na, kwa maneno yake, sikuwa na haraka ya kujibu.

Alinifundisha kwa vyakula. Siku ya kwanza alikuja kibandani na mchele, maharage na unga wa muhogo kwenye mifuko, akavimimina juu ya meza, kila kimoja peke yake.

"Tazama mabega yake," alisema. "Maharage yanakimbia, lundo lake ni fupi. Unga unasimama. Sasa ukiviweka juu ya mkanda, kipi kitabebwa kingi?"

"Unga," nilisema.

"Kwa nafasi, ndiyo. Kwa uzito?"

Nilinyamaza.

"Umefanya vizuri kunyamaza. Unga ni mwepesi. Ndiyo maana mtu akikuambia mkanda huu unabeba kiasi hiki, muulize kwanza, unabeba nini."

Alichukia sana neno "umejaa". Dereva mmoja wa lori aliingia yadini siku moja akisema gari lake limejaa, asainiwe. Injinia alipanda kwenye tairi, akachungulia, akashuka. "Limejaa mbele," alisema. "Nyuma umebeba hewa." Yule dereva akacheka, kisha akaona Injinia hacheki. Hata kanisani alikuwa hivyohivyo. Niliwahi kwenda naye kwenye harusi ya jamaa yake huko Mbuji. Ibada nzima alitazama dari, na tulipotoka akaniambia kanisa lile kahawa ya tarafa nzima ingeingia na mlango ungefungika. Nilicheka mpaka bibi harusi akageuka.

Lakini mtu huyohuyo aliogopa ziwa. Alipakia tishari kwa miaka bila kukanyaga hata moja. Alisimama kwenye gati, mguu mmoja nyuma ya mwingine, akapiga kelele maagizo kwa sauti yake ndogo ambayo hakuna aliyeisikia, mpaka nikawa narudia mimi. Alipohitaji kwenda Mbamba Bay, watu wa mtumbwi wa injini walimwambia apande nao, watafika kabla jua halijawa kali. Alishukuru, akaenda kwa bodaboda, akazunguka mlima wote, akafika jioni na mavumbi hadi kwenye kope.

Na alikuwa mkali kuhusu usalama kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Niliwahi kuja kazini nimejifunga khanga juu ya suruali. Akazima mkanda, tishari likingoja, meneja akiuliza kuna nini. "Kavue," aliniambia. "Mkanda haukujui." Shati langu lilikuwa na mikono mipana. Akatoa mkasi mfukoni akaikata yote miwili pale pale, nami nimesimama. Nilikasirika, lilikuwa shati zuri. Nakumbuka hilo la shati kwa sababu ya mambo yaliyokuja kutokea, na jinsi ninavyoshindwa kuyaunganisha na mtu yule mwenye mkasi.

Kabla mkanda haujapimwa, wabebaji walikwenda nyumbani kwake. Alikuwa amepanga chumba nyuma ya shule, na siku hiyo mimi nilikuwa namsaidia kupika. Walikuja jua halijazama, wakiongozwa na Mama Osmundi. Huyu alikuwa mkubwa wetu kwenye mbao zile, si kwa cheo bali kwa kuwa hakuna aliyebeba kama yeye. Alikuwa jirani wa mama yangu, na mumewe alikuwa mvuvi. Injinia alikuwa mdogo kwake kwa umri, akampa shikamoo, akamtolea kigoda.

"Hatujaja kwa ugomvi," alisema Mama Osmundi. "Tumesikia kesho unapima."

"Ndiyo, mama."

"Tunaomba mkanda usitoshe."

Wengine walitazama chini. Injinia alifuta mikono kwenye sketi yake.

"Nikisema hautoshi, mama, watajaza makaa wataona unabeba."

"Basi sema hautoshi nusu. Nusu yake, nusu yetu."

Nilitazama chungu ili nisimtazame mtu. Injinia akasema, "Nitasema nitakachokiona."

Mama Osmundi akainuka. "Haya. Basi uone vizuri."

Kesho yake alipima, na sijawahi kuona kazi iliyofanywa kwa uangalifu vile. Alipiga alama ya chaki kwenye ukingo wa mkanda, akautazama ukizunguka huku akiangalia saa, akajua mbio zake. Kisha akaniambia nifungue mlango wa bakuli kidogo kidogo. Makaa yakapanda juu ya mpira, yakajijenga kilima kirefu katikati, mpaka pembeni zikabaki na upana wa kiganja kila upande. "Hapo," akasema, na nikazima. Akapima mita moja kwa utepe, tukakwangua makaa yote ya mita ile, tukayapima kwenye mizani ya mahindi. Uzito wa mita moja, mara mita ngapi zinapita kwa dakika. Hapo ndipo watu wengi wangeishia. Yeye alianza kupunguza. Akapunguza kwa ajili ya ule mlima wa mwisho, maana makaa hurudi nyuma yakipandishwa. Akapunguza kwa ajili ya masika, makaa yakilowa. Akapunguza kwa sababu lori huchelewa na bakuli huwa tupu. Kisha akachora mstari mweupe wa rangi kwenye bati kando ya gurudumu: mlango usipande zaidi ya hapo.

Meneja alikuja na wabebaji wamesimama nyuma yake.

"Unatosha?"

"Unatosha," alisema Injinia. "Na unabaki."

"Bila wabebaji?"

Niliona anatafuta mahali pa kutazama.

"Umeniuliza mkanda," alisema. "Mkanda unatosha peke yake."

Kesho yake wabebaji waliambiwa wasije. Mimi nilibaki. Nilipopita njiani asubuhi kwenda kazini, akina mama niliokuwa nikibeba nao walinisalimu vizuri tu, hawakunitukana, na hilo lilinifanya nipite upande wa shambani ili nisikutane nao. Injinia yeye hakubadilisha njia. Alipita mbele ya nyumba ya Mama Osmundi kila siku, akasimama, akasema, "Shikamoo, mama." Mama Osmundi aliendelea na kazi yake. Injinia alingoja kidogo, kama mtu anayedhani labda hajasikika, kisha akaenda zake. Kesho yake tena.

Tulipokuwa peke yetu kibandani aliniambia kitu ambacho sikukielewa vizuri wakati ule. Alisema makadirio yana nafasi. Mtu mwoga angepunguza zaidi kwa masika, zaidi kwa malori, na bado asingekuwa mwongo. "Ile nusu aliyoiomba ilikuwepo, Ester. Si yote, lakini sehemu yake ilikuwepo. Nilipunguza kidogo sana. Nilitaka meneja aone kazi yangu ni nzuri."

"Lakini ulisema kweli."

"Nilisema kweli kubwa kuliko zote nilizokuwa nazo," alisema, akarudi kwenye rola zake na kopo la grisi.

Baada ya miezi michache alikuja na kopo la rangi nyeupe. Akaufuta mstari wa zamani, akachora mwingine, juu kidogo, vidole viwili au vitatu. "Makaa ya siku hizi yanakuja makavu," alisema. Niliwasha, nikazungusha gurudumu hadi kwenye mstari mpya. Kilima cha makaa kikanenepa, ule upana wa kiganja pembeni ukapotea. Kwenye sehemu tambarare yalivumilia. Yalipofika mkanda unapoanza kupanda, yakatikisika na kuanza kudondoka pande zote mbili.

"Injinia, yanadondoka."

"Nimeona."

"Nirudishe mlango?"

"Acha."

Nikaacha. Nilidhani amekosea hesabu na hataki kukiri mbele yangu, maana alikuwa na kiburi chake. Siku ya pili wanawake wawili walipita kando ya gati na ndoo wakaokota. Siku ya tatu walikuja wengi, Mama Osmundi akiwa mbele. Walikuwa na wateja tayari, wachoma matofali na wafua majembe huko juu. Meneja alitazama akasema makaa yaliyo chini hayana thamani ya kumlipa mtu wa koleo, waache waokote, watamsafishia yadi.

Siku hizo Injinia alikuwa mtu mwingine. Aliongea hata wakati wa kula. Asubuhi moja aliingia kibandani akaketi, akavua buti, akavaa tena, kisha akasema, "Leo ameitikia."

"Nani?"

"Mama Osmundi. Amesema marahaba."

Alikuwa anatabasamu kama msichana. Nami nilifurahi, maana nilianza tena kupita njia yangu ya zamani.

Kuna jambo moja niliuliza mara moja tu. Mkanda uliporudi chini, ukitoka kumwaga, ulipita kwenye ngoma kubwa ya chuma iliyouzungusha. Kulikuwa na wavu wa chuma ulioletwa pamoja na mkanda kwa ajili ya kuizungushia ngoma ile, mtu asiweze kuifikia. Wavu ulikuwa umeegeshwa nyuma ya kibanda changu, majani yameanza kuuzunguka. "Injinia, huu hatuufungi?" Akasema wiki ijayo. Sikufikiria zaidi. Ningefikiria, ningeona kwamba makaa mengi yalidondokea hapohapo, na kwamba wavu ungewazuia akina mama wasifike.

Ikaja asubuhi ya mvua. Makaa yaliyolowa yananata kwenye mpira, hayamwagiki yote kwenye tishari, mengine hurudi nao chini na kujikusanya karibu na ngoma. Nilisikia sauti isiyokuwa ya mkanda nikabonyeza swichi nyekundu kabla sijajua nimesikia nini. Nilipofika, Injinia alikuwa ameshafika, amepiga magoti kwenye tope jeusi, amemkumbatia Mama Osmundi kwa nyuma ili asivutike, na anarudia kusema, "Usitikisike, mama, usitikisike." Mkono wa kulia ulikuwa umeingia kati ya mpira na chuma. Tulilazimika kulegeza mkanda kwa spana. Injinia ndiye aliyelegeza. Tulimpakia kwenye gari la meneja, tukapanda milima kwenda hospitali. Mkono ulikatwa juu kidogo ya kifundo.

Meneja alisema yule mama aliingia mahali pasipo pake. Kijijini walisema ni uroho, kwamba wenzake waliridhika na yaliyo chini, yeye akataka hata yaliyonata kwenye mpira. Meneja alipomwuliza Injinia kwa nini makaa yanadondoka kiasi kile, nilikuwa karibu. Nilimsikia akijibu, "Mkanda umezeeka."

Kesho yake aliufunga wavu kwa mikono yake mwenyewe, peke yake, akakataa msaada. Kisha akaja kibandani na msasa, akausugua ule mstari wa juu mpaka bati likang'aa, akachora mwingine pale pale ulipokuwa wa kwanza. Nilimtazama akifanya hivyo, na wala hakuhitaji kuniambia.

"Uliupandisha makusudi," nilisema.

"Usiniulize, Ester."

Sikuuliza. Akaniambia mwenyewe, akiwa bado amelielekea bati. Alisema alipima mpaka akajua ni vidole vingapi vya mlango vinatoa ndoo ngapi chini. Alisema ndiyo makadirio mazuri kuliko yote aliyowahi kufanya, na hakukosea hata kidogo. Kuhusu wavu alisema alikuwa anaupita kila asubuhi, na kila asubuhi alijiambia akina mama ni watu wazima.

Mimi ndiye niliyezungusha gurudumu. Sikumwambia hivyo, lakini alijua ninalolifikiria, maana alisema, "Wewe ulitii," na hilo halikunisaidia.

Alianza kwenda hospitali kila Jumamosi. Alibeba uji wa ulezi kwenye chupa, ndizi, parachichi, wakati mwingine mkate. Alirudi jioni, akapita kwangu, akaketi mlangoni.

"Umemwambia?"

"Tumezungumzia kahawa. Anasema milimani baridi kali, nimpelekee sweta."

Jumamosi nyingine alikuwa amezungumzia mvua. Nyingine, watoto wa Mama Osmundi. Mama Osmundi mwenyewe alishaanza kumwita mwanangu na kumsifia kwa wagonjwa wengine, kwamba huyu si ndugu yangu, ni mtu tu mwenye moyo. Injinia aliniambia hilo mwenyewe. Jumapili alipanda kwenda misa parokiani, nami mara moja moja nilimsindikiza ingawa mimi ni Mwanglikana. Watu waliposimama kwenda kupokea komunyo, yeye alibaki benchini, akageuza magoti kuwapisha wale wa ndani. Hakupokea tena muda wote aliobaki pale kwetu.

Yadi ilifungwa mwenye mali alipohamishia biashara yake kwingine. Mkanda ulifunguliwa, rola zikauzwa chuma chakavu. Injinia akaenda Mbinga, nikasikia anafunga mashine za kukoboa. Mimi nilirudi kwenye usipa, wale dagaa wa ziwa letu, nanunua kwa wavuvi, nauza milimani. Kila Jumapili nilimwona Mama Osmundi kanisani kwetu, shati limekunjwa mwisho wa mkono ule na kufungwa kwa pini, na kila Jumapili aliniuliza, "Mwenzako hajambo?" Nilisema hajambo. Sikuwa nimemwona.

Mwaka jana nilikwenda sokoni Mbinga na magunia yangu ya usipa. Nilikuwa nafungua gunia la pili nikaona mtu mrefu amesimama mbele yangu akitazama ninavyomimina. Amekonda, nywele zimekuwa nyeupe mbele.

"Shikamoo, Injinia."

"Marahaba, Ester." Hakuuliza habari zangu. "Mama Osmundi yupo?"

"Yupo."

"Anaendeleaje?"

"Anakuulizia kila Jumapili."

Alifumba macho kidogo. Kisha akasema, "Unarudi lini?"

"Kesho asubuhi."

"Tutarudi wote."

Asubuhi nilimkuta stendi. Hakuwa na mfuko wala kikapu. Nilimwuliza kama tupitie mahali tumnunulie mama chochote, akasema, "Nimezoea kwenda na vikapu. Leo hapana." Barabara siku hizi ni ya lami, gari linateremka bila shida, na ziwa lilipotokea mara ya kwanza chini yetu aligeuza uso akatazama upande wa mlima mpaka tukafika.

Mama Osmundi alikuwa uani, anageuza usipa kwenye chanja kwa mkono wa kushoto. Alimtambua kabla hatujaita hodi. Alifurahi kweli, akaacha kazi, akavuta mkeka kwa mguu, akamwita mjukuu alete maji. Injinia alimpa shikamoo lakini hakuketi.

"Mama, nikiketi sitasema," alisema.

"Nini tena?"

"Yale makaa hayakudondoka yenyewe. Niliyadondosha mimi. Mkanda ungeweza kwenda bila kumwaga hata punje. Nilijua mmefukuzwa kwa sababu yangu, nikaona niwape hivyo. Na wavu wa ile ngoma ulikuwepo. Sikuufunga ili muweze kuokota."

Alisema yote kwa pumzi moja, kwa sauti yake ndogo, na nikaona ameyasema maneno hayo peke yake mara nyingi. Mama Osmundi alimtazama. Akanitazama na mimi.

"Ester alijua?"

"Baadaye," nilisema. "Nilijua baadaye, mama."

Alikaa chini polepole ukingoni mwa chanja. Mjukuu alileta maji, akaona nyuso zetu, akayaweka chini akaondoka.

"Kwa hiyo ulitumwagia," alisema Mama Osmundi. "Kama kuku."

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilikuomba nusu ya kazi. Nilikuja kwako nikakaa kwenye kigoda nikakuomba kazi."

"Ndiyo."

Aliuinua ule mkono uliokatwa akauweka juu ya goti, akauangalia kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyemwachia amshikie. Alipoanza tena kusema sauti yake ilikuwa imeshuka, na hakuwa anasema na Injinia tu.

"Miaka yote hii baba Osmundi ananiambia ni uroho wangu. Chakula kikipungua, ni uroho wangu. Nikishindwa kufua, ni uroho wangu ulionikata mkono, nisimlaumu mtu. Na mimi nikakubali. Nilikwenda kuungama kwa mchungaji, Injinia. Niliungama uroho. Nikapewa sala nikazisali."

Injinia alifunika mdomo. Sidhani kama katika hesabu zake zote aliwahi kuliweka hilo. Alikuwa amekwenda hospitali Jumamosi zote zile akiogopa hasira ya mtu ambaye kumbe alikuwa amelala pale akijihukumu mwenyewe.

"Nisamehe, mama," alisema.

"Usiniombe hilo sasa." Mama Osmundi aliinua kidevu akaonyesha ufukweni, ambako mzee wake alikuwa ameketi kwenye mtumbwi uliopinduliwa akishona nyavu. "Yule pale. Kamwambie maneno hayohayo. Usipunguze, na usiongeze. Ukirudi tutaangalia."

Injinia alisimama kidogo. Kisha akavua viatu, maana mchanga wa pale ni laini na unazama, akateremka kuelekea majini. Nilitaka kumfuata. Mama Osmundi akanishika kitenge.

"Aende mwenyewe," alisema.

Tulimwona akifika, akiinama kumsalimu mzee. Tulikuwa mbali, hatukusikia kitu, na upepo ulikuwa unatoka kwetu kwenda kwao. Alisema kwa muda mrefu kuliko alivyosema kwetu. Mzee aliendelea kushona, kisha akashona polepole, kisha akaacha. Nyavu zikateleza magotini mwake hadi mchangani asiziokote. Aligeuza kichwa akatazama juu, kwenye ua, akamtafuta mkewe kwa macho.

Mama Osmundi hakumwangalia. Alikuwa amerudi kwenye chanja, anageuza usipa, mmoja mmoja.